Mtandao Haujikati

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa Siku ya Mama. Watu walikuwa wameshachagua picha za mama zao, wameandika maneno matamu, kilichobaki ni kuzipandisha kwenye status. Picha zikagoma. Nilikuwa nimekaa kijiweni kwa muuza kahawa, na kila aliyefika alitoa simu, akainyanyua juu kidogo kama mtu anayekinga mvua, kisha akatoa hukumu ileile: "Mtandao umekata."

Baadaye tukaja kusikia kwamba mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imepata hitilafu kusini huko, na kwamba Tanzania ni kati ya nchi zilizoumia zaidi. Nadhani kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa kwamba intaneti inapita chini ya bahari, ndani ya kitu kinachoshikika, ambacho kwenye kina kirefu unene wake hauzidi sana mpira wa kumwagilia bustani.

Mimi hilo halikunishtua, maana ndiyo kazi inayonilisha. Nilichobaki nacho ni lile neno. Mtandao umekata. Tunalisema kama tunavyosema jua limezama, mvua imekatika. Hakuna mtendaji. Wingu hutanda lenyewe, sawa. Lakini mtandao wa simu umetandwa na watu, waya kwa waya, na ukikata, mara nyingi kuna mkono wa mtu. Nalijua hilo kwa sababu usiku mmoja mkono huo ulikuwa wangu.

*

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya mawasiliano kwenye raki na kuipanga hadi izungumze na mitambo mingine. Raki ni fremu ya chuma yenye kimo cha mtu mrefu, nguzo zake zimetobolewa matundu toka juu hadi chini. Mtambo unaoingia humo una upana wa inchi 19, uwe umetengenezwa China au Marekani. Kimo chake tunakihesabu kwa U, na U moja ni milimita 44.45. Kila U ina matundu matatu, na hapo ndipo wanafunzi wote huumbuka, kwa kuwa matundu hayo hayakupangwa kwa nafasi sawa. Nafasi mbili ni milimita 15.875, ya tatu ni 12.7. Ukianza kuhesabu kwenye tundu lisilo lake, nati zako zitakaa vizuri kabisa, zitapendeza. Halafu wewe na mwenzako mnanyanyua mtambo wa kilo thelathini, jasho linawatoka, na skrubu haiingii. Mnaushusha. Mnaanza upya. Nati zile zina masikio makali, kwa hiyo siku za mwanzo vidole vyangu vilikuwa na plasta kama vya mtoto anayejifunza kumenya viazi.

Aliyenifundisha alikuwa fundi mtu mzima, wa enzi za simu za waya wa shaba. Tulimwita Mzee, basi. Alikuwa haongei sana na hakuwa na haraka. Kwake kila kitu kilikuwa na zamu yake. Raki ikishasimama na pimamaji ikakubali, cha kwanza ni ethi, ule waya wa kijani na njano, kabla hujagusa waya wowote wa umeme. Mtambo mzito unakaa chini, mwepesi juu. Umeme unapimwa kwa mita kabla ya kuunganishwa, hata kama aliyekwambia ni sawa ni baba yako mzazi.

Siku moja nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Mitambo yetu mingi inakula umeme wa volti 48, lakini hasi, na upande wa chanya ndio unaofungwa ardhini. Mbona kinyumenyume? Akaniambia ni urithi. Zamani nyaya za shaba zilizikwa kwenye udongo wenye unyevu. Shaba ikiwa chanya kuliko udongo unaoizunguka, udongo unaila. Ikiwa hasi, inadumu. "Shaba inaondoka," akasema, "lakini adabu yake imebaki."

Kisha ikaja faiba, na hapo ndipo Mzee alipokuwa mkali. Faiba ni uzi wa kioo wenye kipenyo cha mikroni 125, na njia yenyewe ya mwanga katikati yake ni mikroni kama 9 tu. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo njia. Mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho, ndiyo maana tunakatazwa kuchungulia: jicho halioni kitu, lakini linaweza kuungua. Sasa fikiria maana yake. Waya wa umeme una mita ya kuushtaki. Bomba la maji lina ubaridi. Faiba iliyobeba simu za wilaya nzima na faiba isiyobeba chochote, ukizishika mkononi, ni kitu kimoja. Zote ni kamba za njano. Hazina joto, hazina sauti. Kinachozitofautisha kwa macho ni kikaratasi kilichobandikwa mwishoni.

"Lebo ni ushahidi," Mzee alikuwa akisema. "Usishuhudie usichokiona."

Utaratibu wake ulikuwa huu: mmoja anashika ncha moja ya kamba, mwingine anaifuata kwa vidole, sentimita kwa sentimita, ndani ya mfereji wa nyaya, mpaka upande wa pili. Mnavutana taratibu kuhakikisha. Hapo ndipo unaandika, na unaandika ncha zote mbili. Ni kazi ya kuchosha. Haionekani kwenye picha za kukabidhi mradi. Hakuna bosi atakayekusifu kwa kufuata kamba.

*

Mwaka 2016 tulifunga kituo kimoja chini ya milima ya Usambara. Joto la kule nalikumbuka hadi leo. Raki tatu, betri, kiyoyozi kimoja kilichokuwa kikilia kama mgonjwa. Siku ya mwisho, jioni, dereva alishaanza kupiga honi. Alitaka tuivuke Segera kabla giza halijaingia sana. Mzee alikuwa nje akisaini makaratasi ya makabidhiano. Mimi nilibakiwa na jozi mbili za faiba kuweka lebo.

Jozi zile ziliingia kwenye mfereji zikiwa sambamba, moja kushoto, moja kulia. Upande wa pili wa chumba zilitoka vilevile, moja kushoto, moja kulia. Nikasema moyoni, si ni hizihizi? Nikachapa lebo mbili kwenye kimashine chetu. Ya kushoto NJIA YA 2. Ya kulia AKIBA. Nikabandika. Zilinyooka, herufi nzuri, nyeusi juu ya nyeupe.

Mzee akachungulia mlangoni. "Umezifuata zote?"

"Nimezifuata, Mzee."

Akanitazama kidogo, akafunga daftari lake. Tukaondoka. Segera tuliivuka mapema tu.

Kumbe mle ndani ya mfereji, mahali nisipopaona, zile jozi zilikuwa zimepishana.

Kwa miaka miwili uongo wangu haukumdhuru mtu. Hilo nimelifikiria sana. Njia ya kwanza ilibeba mzigo wote, njia ya pili ilisubiri, ya akiba ilikaa bure. Hakuna aliyezigusa. Uongo uliochapwa kwa mashine una sura nzuri kuliko ukweli ulioandikwa kwa kalamu, na mtu akiupita mara kumi anauzoea.

*

Nilirudi pale 2018, usiku, kubadilisha rauta. Mzee alishastaafu. Safari hii mkuu wa kazi nilikuwa mimi, nina kijana wa mafunzo anayeniita kaka. Kazi za namna hii tunazifanya kuanzia saa sita usiku watu wakiwa wamelala. Mpango ulikuwa rahisi. Tunahamisha mzigo wote kutoka njia ya kwanza kwenda njia ya pili, tunazima rauta ya zamani, tunaitoa, tunaingiza mpya, tunaipa maelekezo yake, tunarudisha mzigo. Watu wa kituo cha uangalizi Dar walinithibitishia kwa simu: mzigo umehamia, huduma ziko hewani, endelea.

Tukaendelea. Rauta ya zamani ikatoka na vumbi lake. Mpya ikaingia, ethi kwanza, kisha umeme. Nikaunganisha kompyuta, nikaanza kuiandikia: jina lake, anwani zake, majirani zake. Nikamfundisha kijana kwamba maelekezo unayoiandikia rauta ya aina ile yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu mpaka uiamuru iyahifadhi. Usipohifadhi, umeme ukikatika itaamka haikumbuki kitu. Yule kijana akaandika kwenye daftari. Nilijisikia mwalimu.

Rauta mpya ilihitaji njia moja zaidi. Nikaitazama ile kamba iliyoandikwa AKIBA.

"Kaka, tuifuate kwanza?" kijana akauliza.

"Hamna haja. Hii niliiandika mwenyewe."

Ilikuwa saa 7:12 usiku. Nikachomoa.

Na hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linalonirudia usingizini. Feni ziliendelea kuvuma, taa za raki niliyokuwa nimeielekea zilikuwa vilevile. Mtambo uliopoteza mwanga ulikuwa kwenye raki ya nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimeupa mgongo. Kamba nikaiacha inaning'inia bila kifuniko, nikaendelea kuandika.

Kama dakika kumi hivi baadaye mlango ukagongwa. Alikuwa mlinzi, mtu wa makamo ya baba yangu, koti kubwa na tochi. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo tulipofika, akaniandika kwenye kitabu chake.

"Fundi, samahani kukusumbua. Mtandao umekata?"

Nikatoa simu. Haikuwa na hata mstari mmoja.

"Nilikuwa naongea na nyumbani," akasema. "Binti yangu kashikwa na uchungu. Wanataka kumpeleka kituo cha afya, mwenye bajaji anataka hela ya mafuta kwanza. Ndo nilikuwa namtumia, ikakata."

Nikajua. Sikujua bado ni kwa vipi, lakini mwili wangu ulijua kabla ya akili. Na pamoja na kujua, mdomo wangu ukasema:

"Ndiyo mzee, mtandao umekata. Tunashughulikia."

Yule kijana aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, akayashusha.

Dar walikuwa wananitafuta, bila shaka. Minara yote iliyotegemea kituo kile ilikuwa imezimika kwenye skrini zao. Lakini simu yangu nayo ilitegemea mnara uliosimama juu ya kichwa changu, na huo niliukata mwenyewe. Kengele pekee iliyonifikia usiku ule ilikuwa mzee mwenye tochi.

Tukaifuata kamba. Kijana alishika ncha, mimi nikapitisha vidole mferejini, mikono inatetemeka kiasi kwamba nilipoteza njia mara mbili. Katikati ya chumba nikagusa pale jozi zilipopishana. Nikazivuta, nikasikia kijana akisema, "Kaka, ya huku ndo inacheza." NJIA YA 2 ilikuwa akiba. AKIBA ilikuwa njia ya pili, iliyokuwa imebeba kila kitu.

Nikairudisha. Haikuwaka. Mita ya mwanga ilisoma hasi 31, na mtambo ule usingesikia chochote kilicho chini ya hasi 24. Ncha niliyoiacha wazi ilikuwa imeokota vumbi la rauta ya zamani, na kwenye njia ya mikroni 9 punje moja ya vumbi ni jiwe barabarani. Nikaisafisha. Hasi 26. Nikaisafisha tena, nikiwa nimeshika pumzi. Taa ya kijani ikawaka.

Ilikuwa saa 7:49. Dakika 37.

Simu yangu ikaanza kuita palepale. Na nje, getini, nikasikia simu ya mlinzi inapokea ujumbe mmoja baada ya mwingine.

*

Yule binti alifika. Majirani walichangishana, mwenye bajaji akalipwa, akajifungua alfajiri mtoto wa kiume, wote wazima. Alisaidiwa na majirani. Mimi simo kabisa katika wema ule.

Kulipokucha mlinzi alitoka akarudi na chupa ya chai na maandazi. "Asanteni vijana wangu," akasema. "Mmehangaika usiku kucha kuturudishia mtandao. Mungu awabariki." Nilikula maandazi yale. Sijui niseme nini zaidi. Niliyala.

Njiani tulipumzika Korogwe, nikaandika ripoti. Nikaanza hivi: "Kulitokea mkatiko wa huduma kwa dakika 37 kutokana na hitilafu ya lebo." Isome tena sentensi hiyo, msomaji. Ni Kiswahili safi. Haina kosa la sarufi, na haina mtu hata mmoja ndani yake. Kulitokea. Kama tetemeko.

Na ingepita. Lebo zetu hazikuwa na saini. Hakuna ambaye angejua nani aliiandika, miaka miwili nyuma, honi ikipigwa. Kijana alikuwa kimya pembeni, anakunywa soda, hanitazami. Niliwaza kwamba yeye ndiye atakayeijua hiyo sentensi ni nini, na kwamba atajifunza kuiandika.

Nikafuta. Nikaandika: "Saa 7:12 usiku nilichomoa faiba iliyokuwa imebeba huduma zote za kituo. Lebo yake ilikuwa ya uongo. Niliiandika mimi mwaka 2016 bila kuifuata, na nilipoulizwa nilisema nimeifuata."

Nilipewa barua ya onyo na miezi mitatu ya kuwa msaidizi. Haki yangu. Kijana niliyekuwa namfundisha alinishikia tochi, kisha mimi nikamshikia yeye.

Kwa Mzee nilikwenda mwenyewe, nyumbani kwake, nikamsimulia. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Siku ile nilijua." Nikauliza mbona hukuniambia nirudi ndani. Akajibu, "Na mimi nilitaka kuivuka Segera."

*

Miezi miwili baada ya usiku ule nilitumwa tena kwenye kile kituo, kuzifuata kamba zote na kuziandika upya. Mlinzi alikuwa yuleyule. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za mjukuu. Akatoa simu akanionyesha picha, mtoto kafumba macho, kofia ya sufi imemzidi kichwa.

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, getini, jua linawaka. Kwamba usiku ule mtandao haukukata. Niliukata mimi, na alipokuja kuniuliza nilikuwa naelekea kulijua hilo, nikamjibu vingine.

Alikaa kimya. Akairudisha simu mfukoni, akaifungia kifungo.

"Ungeniambia usiku uleule ningefanya nini?" akasema. "Ningelala na hasira, basi. Lakini ningejua nakasirikia nani. Mimi nilimkasirikia mwenye bajaji. Nilimsema vibaya mpaka msikitini."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwamba kosa nikilivua mimi halipotei, linamwangukia mwingine aliye karibu.

Kisha akafungua kitabu chake cha geti, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. Nikampa kitambulisho, nikataka kumtajia saa. Akanizuia kwa mkono. Akatazama saa yake, akanitazama usoni, akaandika mwenyewe, pole pole.

"Mimi namwandika mtu nikimwona," akasema. "Siandiki kwa kuambiwa."

Siku ile nilifuata kamba sitini na nne. Kila lebo niliyoibandika ina tarehe, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina langu. Hadi leo nafanya hivyo, na vijana ninaowafundisha wanalalamika kwamba inachelewesha. Ni kweli, inachelewesha.

Ile Jumapili ya Mei, kijiweni, mtu mmoja aligundua kazi yangu akanigeukia: wewe si fundi wa mambo haya, hebu tueleze. Nikawaeleza habari za mikongo, jinsi meli inavyokwenda hadi palipoharibika, ikaunyanyua mkongo kutoka chini, na watu wakakaa ndani ya chumba cha meli wakiunga uzi wa kioo mmoja mmoja, huku bahari inawayumbisha.

Muuza kahawa alikuwa anasuuza vikombe. "Sasa nani kaukata?" akauliza.

Wenzake wakacheka. Mimi nilimwambia lile ni swali zuri, nikamwomba animiminie kikombe kingine.